Taa ya Mlangoni Ilikuwa Imezimwa

Mpwa wangu Kemilembe,

Ninakuandikia nikiwa nimeegemea mito kwenye kiti, kwa sababu siku hizi nikilala chali pumzi inakatika. Miguu imevimba na viatu vyangu vyote nimevigawa. Daktari alinieleza hali ya moyo wangu kwa upole sana, nami nilikuwa nimemwelewa kabla hajamaliza. Domitila, yule mama wa Kirundi anayenitunza tangu nilipoanza kushindwa kufika hata mwisho wa kibanja changu cha migomba, ameweka uji pembeni na amesema haondoki mpaka niumalize. Ukiona nimekatisha jambo, ujue nimelazimishwa kunywa.

Barua hii ni yako, lakini nimeomba ichapwe gazetini. Uongo niliosema juu yako niliusema mbele ya watu, kwa hiyo sioni kwa nini ukweli uje kwako peke yako ndani ya bahasha iliyofungwa. Hapa Chonyonyo, na huko Kyerwa ulikohamia, watu wanajua kwamba ulipoteza jicho Ujerumani kwa sababu uliinama kuchungulia leza, ukiwa umekatazwa. Si kweli. Mimi ndiye niliyeisema habari hiyo kwanza, na nilijua si kweli wakati ninaisema.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu nataka nikukumbuke kabla sijafika pale.

Nakukumbuka ukiwa msichana wa shule ya msingi, nilipokuja likizo, ukinivuta shati kunipeleka nyuma ya jiko ambako mama yako alipanda magimbi. Asubuhi ile kulikuwa na umande mzito. Uliniuliza kwa nini maji yanajikusanya kuwa shanga juu ya jani la gimbi, lakini yakimwagika kwenye jiwe la kusagia yanatandaa. Nilianza kukujibu kwa maneno ya darasani, nawe ukanikatiza. "Mjomba, sijauliza yanaitwaje. Nimeuliza kwa nini." Mama yako alikuwa anamenya ndizi, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Akasema, "Kaka, mchukue huyu uende naye. Mimi amenimaliza."

Nilifanya hivyo, baada ya miaka mingi. Ulipomaliza chuo Dar es Salaam nilikutafutia nafasi ya uzamili katika maabara niliyokuwa nikiisimamia Ujerumani. Mama yako alifanya ibada ya shukrani. Watu walikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kula mpaka mchana ukaisha, na yeye alikuwa akipita kwa wageni akisema, "Anakwenda kwa mjomba wake. Ni kama anatoka chumba hiki kuingia kile."

Wasomaji wengine hawaijui kazi tuliyokuwa tukiifanya, na bila kuijua hawataelewa kosa langu. Tulikuwa tukiotesha utando wa metali juu ya fuwele za kauri. Fuwele yenyewe ni kipande kidogo chenye ukubwa wa ukucha, angavu kama kioo. Inawekwa ndani ya chombo cha chuma kilichonyonywa hewa, halafu inapashwa moto mpaka inakuwa nyekundu. Mbele yake panakaa kisahani cha platini. Leza inakipiga kisahani hicho kwa mapigo mafupi mno, na kila pigo linang'oa atomu zinazoruka kama kiwingu chenye mwanga hadi kwenye fuwele. Huko zinatulia, tabaka juu ya tabaka, zikifuata mpangilio wa fuwele iliyo chini yake. Utando unaopatikana ni mwembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake ni gogo.

Ulipokiona kile kiwingu mara ya kwanza kupitia kidirisha cha chombo, ulisema, "Kina umbo la ua la mgomba. Na rangi karibu ile ile." Nimeifanya kazi ile karibu maisha yangu yote ya utu uzima na sikuwahi kuliona hilo. Baada ya hapo sikuweza kuona kitu kingine.

Taabu yetu kubwa ilikuwa kwamba metali haipendi kulala juu ya kauri. Inajikusanya kuwa vidonge vidonge, na badala ya utando unapata visiwa. Wiki zako za mwanzo zote zilikuwa za visiwa. Nakumbuka ulivyotoka kwenye hadubini umechoka, ukasema kwa Kiswahili ili wenzetu wasielewe, "Mjomba, hii platini imesomea kwenye magimbi ya mama." Tulicheka peke yetu na Wajerumani wakatutazama. Ulikuwa mwanafunzi mzuri, Kemilembe. Ulijifunza kusafisha fuwele, kupandisha moto polepole, kusubiri. Wengi hawawezi kusubiri. Mimi mwenyewe siku ile sikuweza.

Sasa nifike kwenye magoti.

Kwetu, binti anamwamkia mjomba wake akiwa amepiga magoti. Ulifanya hivyo tangu ulipojua kusema, na ulipofika Ujerumani uliendelea, hata ndani ya maabara, mpaka siku wenzako walipokuona na kuuliza kama umeanguka. Ukaona aibu. Ukaanza kuniamkia ukiwa umesimama, na mara nyingine kwa kupunga mkono tu kutoka mlangoni. Lilikuwa jambo dogo, na kwa kazi yetu lilikuwa jambo sahihi. Katika chumba chenye leza mtu hainami, hakai chini, hapigi magoti, kwa sababu mwanga unapita juu kidogo ya meza, chini ya macho ya mtu aliyesimama. Nilikuwa nawafundisha hivyo wanafunzi wote kabla hawajagusa kitu.

Lakini mimi niliumia. Ulikuwa mtu pekee katika nchi ile aliyenijua kama mtoto wa kwetu anavyomjua mjomba. Kwa wengine wote nilikuwa mzee mweusi mwenye lafudhi, anayejua mashine. Wewe ulipopiga magoti nilikuwa mtu kamili. Badala ya kukwambia hivyo, nilimpigia simu mama yako Jumapili moja, nikamwambia kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Dada, mwanao siku hizi ananipungia mkono kama anafukuza kuku."

"Ee? Huko tayari wameshamharibu?"

"Sijasema ameharibika. Nasema ninachokiona."

Alikupigia siku hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata uliingia ofisini kwangu, ukapiga magoti sakafuni ukishika ukingo wa meza, ukasema kwa heshima ya kwetu, "Shikamoo mjomba. Waitu, mama anauliza kama magoti yangu yalibaki uwanja wa ndege." Nilicheka. Nilikuinua. Sikukukumbusha kwamba mle ndani ya maabara usifanye hivyo. Nilijua nilipaswa kukwambia, na nilinyamaza kwa kuwa nilipenda.

Mlango wa maabara yetu ulikuwa na swichi. Ukifunguliwa, leza inajizima yenyewe. Nje palikuwa na taa nyekundu, na ikiwa inawaka hakuna anayeingia bila kuvaa miwani ya kinga. Maabara ilikuwa ya zamani, na swichi ile na taa ile vilitumia njia moja ya umeme. Mtu asiyetaka mlango umzimie leza alilazimika kuzima na taa pia. Ilikatazwa kabisa. Nilikuwa nimeifanya mara kadhaa nikiwa peke yangu, kwa sababu ukikatiza mapigo katikati, gesi kidogo iliyobaki ndani ya chombo inatua juu ya utando na tabaka zinazofuata zinavurugika. Kazi ya siku nzima inapotea kwa sababu mtu amekuja kuuliza funguo.

Siku ile fuwele ilikuwa imeshapata moto na utando ulikuwa unaota vizuri kuliko nilivyowahi kuuona. Kidirisha cha kupitishia leza kilikuwa kinaanza kuingia ukungu wa metali, kwa hiyo nilifungua bomba linaloficha mwanga ili nirekebishe taratibu kioo kinachouelekeza, upite pasipo na ukungu, bila kusimamisha kazi. Nilikuwa nimezima swichi ya mlango. Nilikuwa nimevaa miwani yangu. Wewe ulikuwa umetoka safari ya wanafunzi ya siku chache, hatukuwa tumeonana. Ulifika, ukaona taa haiwaki, ukaingia kama mtu yeyote mwenye akili angeingia. Ukaniona. Ukapiga magoti.

Mwanga wa leza ile hauonekani kwa macho. Hukuona kitu. Ulisema, "Shikamoo mj..." kisha ukashika jicho la kulia. Baadaye uliniambia ulisikia kitu kimepasuka ndani ya kichwa, kama mbegu kwenye moto.

Sasa soma hapa polepole, na wengine wasome polepole. Nilizima leza. Halafu, kabla sijakushika mkono, nilikwenda ukutani nikawasha ile swichi. Wewe ulikuwa bado umepiga magoti, umeinamisha kichwa. Nilihakikisha taa ya nje inawaka, ndipo nikaita watu.

Walipouliza, nilisema taa ilikuwa inawaka na wewe uliingia bila miwani. Wakauliza jambo ambalo hawakuweza kulielewa: macho ya mtu aliyesimama yalifikaje pale mwanga unapopita? Hakuna Mjerumani ambaye angekisia jibu. Nilikuwa nalo mdomoni, maneno matatu tu, "alikuwa ananiamkia mimi." Nikasema, "Nadhani aliinama kuchungulia." Wewe uliwaambia taa ilikuwa imezimwa. Walikuwa na neno la mwanafunzi aliyejeruhiwa na neno la msimamizi mwenye mvi, mjomba wake mwenyewe, ambaye hawakuona sababu ya yeye kukudhuru. Walikufutia nafasi kwa kuvunja kanuni za usalama, ukarudishwa nyumbani na jicho moja. Mimi nilibaki mpaka nikastaafu. Utando wa siku ile, ulioishia pale nilipozima leza, ulitoka safi, bila kisiwa hata kimoja. Niliuonyesha kwenye mikutano na watu walinipigia makofi.

Nilikuwa nimeshampigia simu mama yako kabla hujafika. Nilimwambia yale yale niliyowaambia wao. Ulipomwambia ukweli, alikujibu kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alinisimulia, akidhani ananiheshimu: "Kaka yangu alikushika mkono, wewe ukaenda kuchungulia. Sasa unataka na yeye aonekane mwongo?" Nilimsikiliza kwenye simu. Nikasema, "Usimkemee sana, ni mtoto." Niliwezaje kusema hivyo, sijui. Nilisema.

Habari ikatembea. Najua walivyokuita. Nilipokuja likizo nilisikia kwa masikio yangu pale wanapokusanyia kahawa, jamaa mmoja akikwambia, "Wewe uliyechungulia jua la Wazungu, hebu chungulia na gunia hili utuambie kama kahawa imekauka." Watu wakacheka. Ulimjibu, "Imekauka kuliko akili yako," wakacheka zaidi, lakini nilikuona ulivyogeuza uso upande wa jicho zima ili uone nani na nani wanacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari. Sikutoka. Mwaka huo huo ukahamia Kyerwa, ukaanza kufundisha, na Chonyonyo hukuja tena mpaka mazishi ya mama yako.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti mbele, kama mkubwa wa familia. Ulipita katikati ya watu, ukafika mbele yangu, na mbele ya wote ukapiga magoti kwenye tope ukasema, "Shikamoo mjomba." Hukuwa unanikejeli. Nilikutafuta usoni nikitamani iwe kejeli. Ulikuwa umekuja kumzika mama yako, na ulifanya kama alivyokufundisha. Nami nikaitikia, "Marahaba." Ukaondoka kabla ya chakula.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuyasema haya kwa mdomo. Mwinjilisti alipokuja kunipa Meza ya Bwana nyumbani, nilimwambia kwamba kwenye wasifu wangu, siku ya kunizika, nataka yasomwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga begi lake taratibu.

"Mzee, hayo umeshamwambia Mungu?"

"Nimemwambia. Yeye alikuwa anayajua. Wasioyajua ni watu wa Chonyonyo."

"Wasifu ni wa kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu. Hatusomi dhambi kaburini, Mzee. Watoto watakuwepo."

Kwa hiyo nikawaita ndugu zetu, walio hapa na walioko Kihanga na Nyakakika. Walikuja na ndizi na maziwa wakidhani nataka kugawa kibanja. Niliwaeleza taa, swichi, magoti, simu, vyote. Halafu mmoja akasema na Domitila, si na mimi, "Dawa hizi anazomeza haziwezi kumchanganya?" Mwingine akanipapasa bega. "Mzee, unampenda sana mpwa wako. Unataka kumbebea." Wakanisifu kwa moyo wangu wa huruma. Wakala, wakaaga, wakaondoka. Uongo wangu waliupokea siku ile ile niliousema, na ukweli wangu wameuona ni homa.

Ndiyo maana nimeandika habari za kidirisha na waya na urefu wa meza, mambo yanayoweza kumchosha msomaji wa gazeti. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kuyapanga. Barua nyingine yenye maelezo haya haya nimeituma kwenye maabara ile. Sijui kama amebaki mtu wa kuisoma.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi uje kunitazama, na nikifa sikuombi uje kunizika. Kama utakuja, kaa unapotaka. Lakini kuna jambo moja ambalo hulijui, na hili sikuwaambia hata ndugu. Nimelizunguka barua nzima kwa sababu lile la Ujerumani nilikuwa na hofu, na hofu mtu anaweza kuieleza. Hili sina la kulieleza.

Mama yako alipokuwa mgonjwa nilikwenda kukaa naye. Mchana mmoja alikuwa na nafuu, akaomba nimgeuze aelekee dirishani. Akaniuliza, "Kaka, yule mtoto alichungulia kweli?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza leo.

Akasema, "Nimekuwa nikifikiri. Kemilembe hakuwahi kuchungulia kitu tangu azaliwe. Akitaka kujua jambo anakuja mbele yako anakuuliza mpaka unachoka. Kuchungulia si tabia yake." Akapumzika kidogo. "Nadhani nilimkosea. Nipigie simu huko Kyerwa, nimwite."

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Nilijua kwamba ukija mtazungumza, na mkizungumza atakuamini, kwa kuwa tayari alikuwa ameanza kukuamini. Nikamfunika blanketi, nikamwambia, "Ngoja upate nguvu kwanza, dada. Tutampigia."

Alinitii. Alinitii siku zote. Aliuliza tena mara moja, akiwa ameshaanza kuishiwa sauti, "Umempigia?" Nikamwambia kwamba mtandao unasumbua.

Mama yako hakufa akiwa amekukataa, Kemilembe. Alikufa akikusubiri.

Kaa salama, mwanangu.

Ni mimi,
kaka wa mama yako,
Chonyonyo.